Kisima Kikavu Nacho ni Jibu

Mhadhara kwa wananchi, Mbeya



Najua wengi mmekuja na swali moja: umeme wa jotoardhi wa mlima Ngozi utawaka lini? Sitalijibu. Anayewatajia mwaka wa umeme kabla visima havijachorongwa na kupimwa anawauzia mbuzi kwenye gunia, hata awe na cheo kikubwa namna gani. Leo nataka tukae na kazi inayotangulia umeme, kazi ya kutafuta. Mara nyingi huchukua miaka mingi kuliko kuujenga mtambo wenyewe, hula fedha kabla ya kurudisha hata senti, na wakati mwingine huishia mahali pasipo na utepe wa kukata. Nina dai moja tu la kutetea: kisima cha utafiti ni swali lililolipiwa, na anayelipa ana haki ya kusikia jibu, liwe tamu au chungu.

Tuanze na hapa tulipo. Mikono miwili ya Bonde la Ufa, wa mashariki na wa magharibi, inakutana katika mkoa huu. Bonde la Rukwa linashuka kutoka kaskazini-magharibi, la Usangu linakuja kutoka kaskazini-mashariki, la Nyasa linatokea kusini, na penye njia panda hiyo ndipo ilipoota milima ya Rungwe, Ngozi na Kyejo. Ukoko wa dunia hapa umevutwa ukakonda, na miamba iliyoyeyuka ikapata upenyo wa kupanda. Msidhani ni habari za kale zilizokwisha. Kyejo ilimwaga lava miaka mia mbili hivi iliyopita, na kwa mtu wa miamba hiyo ni jana jioni. Ngozi ililipuka kwa nguvu katika miaka elfu moja hii ya karibuni. Kule Rungwe gesi ya ukaa inayotoka ardhini huvunwa na kuuzwa viwandani, kwa hiyo yawezekana baadhi yenu mmekwisha kunywa soda yenye pumzi ya volkeno bila kujua.

Kwa hiyo joto lipo. Lakini joto halijawahi kuwa shida. Popote duniani ukichoronga kwenda chini nyuzi hupanda, kwa wastani 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita, na karibu na volkeno changa hupanda upesi zaidi. Mwamba wa moto peke yake hauzungushi kitu. Yanatakiwa maji ya mvua yaliyozama kwa miaka mingi, yakakuta mwamba wenye nyufa zinazopitisha, yakachemka humo, kisha yakazuiwa juu na tabaka la udongo mfinyanzi yasivuje ovyo. Nyufa zikikosekana, utakuwa na kisima cha moto kisichotoa kitu. Kifuniko kikikosekana, joto lilikwishapotea zamani. Kati ya mahitaji hayo, nyufa ndizo zinazotuangusha zaidi, kwa sababu hakuna chombo cha kuzipima kwa uhakika ukiwa umesimama juu.

Watafutaji wa kwanza wa mvuke hawakuwa na shahada. Katika vilima vya Eburru, juu ya Ziwa Naivasha nchini Kenya, ambako mito ni adimu, wenyeji hutega mvuke unaotoka ardhini, wakaupoza kwenye mabomba na kupata maji ya kunywa. Walowezi nao walijenga huko kikaushio cha pareto kinachotumia mvuke huohuo. Hapa kwetu, mabonde ya Songwe yamejaa mawe meupe ya chokaa yaliyowekwa na chemchemi za maji moto, tabaka juu ya tabaka. Mtu wa jiolojia akiyaona mawe yale anajua chemchemi hizo zimefanya kazi muda mrefu sana, na zamani zilitiririka kwa wingi kuliko leo.

Baada ya kuuliza wenyeji, tunakwenda na chupa. Nitakaa kidogo hapa kwa sababu naipenda sehemu hii kuliko zote, na kwa sababu ndiyo yenye bei nafuu. Maji yaliyo kwenye nyuzi 250 huyeyusha silika nyingi kutoka kwenye mwamba. Yakipanda juu na kupoa, silika haidondoki yote papo hapo. Hubaki ndani ya maji kwa muda, kama chai iliyopoa inavyobaki na utamu wa sukari iliyokorogwa ikiwa ya moto. Ukipima silika ya chemchemi unaweza kukadiria yale maji yalikuwa na nyuzi ngapi kule chini yalikotoka. Uwiano wa sodiamu na potasiamu nao husema jambo hilohilo kwa njia nyingine. Vipimo viwili vikikubaliana, tunapata moyo.

Visipokubaliana ndipo kazi huanza. Maji ya moto yakiwa njiani kuja juu hukutana na maji baridi ya mvua, yakachanganyika, na hesabu zote zikapinda. Magnesiamu nyingi kwenye sampuli mara nyingi ni dalili ya mchanganyiko huo. Tena maji moto hayapandi wima kila mara. Huweza kusafiri kwa ubavu umbali mrefu na kutokeza mbali na moto ulioyachemsha. Ndiyo sababu chemchemi iliyo shambani kwako si uthibitisho kwamba kisima kichorongwe shambani kwako.

Mfano mzuri ni Ngozi na Songwe. Ukipanda Ngozi huoni moshi wala maji yanayochemka. Unaona ziwa la kijani chini ya kuta za kaldera, ziwa lisilo na mto unaotoka, na msitu wenye mvua nyingi. Ukitazama kwa macho tu ungesema pamepoa. Lakini maji ya ziwa lile yana chumvi ambayo mvua haiwezi kuileta, na gesi ya ukaa hupanda kutoka chini yake. Wakati huohuo, makumi ya kilomita kuelekea magharibi, Songwe inabubujika majimoto mchana na usiku. Wataalamu wa Kijerumani na wa Kitanzania waliofanya kazi hapa miaka ya 2000 waliwaza kwamba moto uko Ngozi na Songwe ni mdomo tu wa mfereji mrefu wa chini kwa chini. Waliokuja baadaye walitilia shaka mfereji wa urefu huo, wakaitazama mifumo hii miwili kama majirani wasiotegemeana. Nawaambieni haya, ndugu zangu, ili mjue kwamba watu wenye elimu wanaweza kutazama chupa ya maji ileile wakatoa hadithi mbili, na wote wakawa waaminifu.

Hatua inayofuata ni kuupima umeme wa ardhi yenyewe. Radi zinazopiga popote duniani, pamoja na misukosuko ya jua, husababisha mikondo hafifu ya umeme ndani ya ardhi. Tunafukia vyombo vidogo, tunaviacha vikisikiliza usiku kucha, na kesho yake tunakadiria ni mwamba upi chini unapitisha umeme kwa urahisi na upi unaukataa. Umuhimu wake ni huu: maji ya moto hugeuza miamba ya volkeno kuwa udongo mfinyanzi. Kuanzia nyuzi 70 hivi hadi karibu 200, udongo unaotokea ni wa aina inayopitisha umeme vizuri sana. Joto likizidi hapo, madini mengine huchukua nafasi yake na umeme hupita kwa shida. Kwa hiyo ukikuta tabaka linalopitisha umeme limekaa juu ya kiini kisichopitisha, na tabaka lenyewe limeinuka katikati, unaanza kusugua viganja: huenda umekiona kifuniko, na chini yake ndiyo yaliko maji.

Nasema huenda, kwa sababu mwamba hausahau. Udongo ule ukishaumbwa na joto hubaki hata joto likiondoka. Vyombo vinaweza kukuchorea umbo safi la mfumo wa jotoardhi uliokufa zamani. Hakuna namna ya kuusikia mfumo ukihema kwa kutumia nyaya za juu peke yake. Lazima uchoronge.

Kuchoronga ni ghali. Kisima kimoja cha kilomita mbili hadi tatu hugharimu dola milioni kadhaa za Marekani, bila kuhesabu barabara, maji ya kuchorongea na kusafirisha mtambo. Mwaka 2013 Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilichapisha uchambuzi wa visima zaidi ya 2,600 vya jotoardhi katika nchi mbalimbali. Kwa ujumla visima vinne kati ya vitano hivi vilifaulu, na watu wa matangazo hupenda kuishia hapo. Lakini ukitazama kisima cha kwanza kabisa katika eneo jipya, uwezekano ulikuwa kama nusu kwa nusu. Nani kati yenu angeuza ng'ombe wote wa ukoo aingie katika mchezo huo? Benki nazo hazitaki. Ndiyo maana katika nchi nyingi hatua hii hubebwa na serikali, au na mifuko maalumu kama ule ulioanzishwa mwaka 2012 na Kamisheni ya Umoja wa Afrika pamoja na wafadhili wa Ulaya, unaoweza kulipia hadi asilimia 40 ya gharama za visima vya utafiti Afrika Mashariki. Sehemu inayobaki huitafuta mwenye mradi, na mwenye mradi akiwa ni shirika la umma basi mlipaji ni sisi tuliokaa humu.

Twende Rwanda. Mwaka 2013 ndugu zetu wale walianza kuchoronga kwenye mteremko wa kusini wa Karisimbi, mlima wa volkeno wenye zaidi ya mita 4,500. Dalili za juu ziliwatia moyo na matumaini yalikuwa makubwa. Kisima cha kwanza kilifika kilomita tatu hivi kwenda chini. Joto likapanda taratibu, kwa kadiri ile ya ardhi yoyote ya kawaida isiyo na volkeno. Hapakuwa na hifadhi ya maji moto. Kisima kingine kikaanzishwa, kikasimamishwa kabla hakijafika mbali, na mwaka 2014 kazi ikakoma.

Magazetini ilisomeka kama hasara tupu. Mimi naisoma tofauti. Matokeo yale yaliandikwa, yakasomwa katika mikutano ya wataalamu, yakajadiliwa hadharani. Mtu yeyote anayetafuta jotoardhi katika tawi la magharibi la Bonde la Ufa, sisi tukiwemo, anajua leo kwamba volkeno kubwa na nzuri machoni si ahadi ya maji moto chini yake. Jibu lile lililipiwa na Wanyarwanda na sisi tumelipata bure. Lingefungiwa kabatini, angetokea mwingine akalinunua upya kwa bei ileile.

Sasa Olkaria, ambayo kila mtu huitaja kama mfano wa mafanikio, na ni kweli. Kenya leo ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, nyingi sana zikitoka Olkaria, na karibu nusu ya umeme unaofuliwa nchini humo hutokana na mvuke. Wajumbe wetu hupelekwa huko, hupigwa picha mbele ya mabomba yanayong'aa, kisha hurudi na kuuliza kwa nini sisi tunachelewa. Sidhani kama huonyeshwa mwanzo wake.

Mwanzo ulikuwa mwaka 1956, chini ya wakoloni. Visima viwili vilichorongwa hadi mwaka 1958, havikutoa mvuke wa kutosha, na eneo likaachwa. Miaka kumi na zaidi ikapita. Mwaka 1970 kazi ikaanza upya kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, safari hii kwa vipimo vya kutosha vya kemia na vya umeme wa ardhi, na uchorongaji ukarejea mwaka 1973. Kisima cha kwanza cha awamu hiyo, OW-1, hakikutoa. Hapo wangeweza kufunga virago. Badala yake walilisoma jibu la OW-1, wakasogea kaskazini, wakachoronga OW-2, na kikatoa. Mashine ya kwanza, ya megawati 15, iliwashwa mwaka 1981. Kutoka kisima cha kwanza hadi umeme wa kwanza ni robo karne. Mtoto aliyezaliwa mtambo wa kwanza wa kuchoronga ulipofika alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Afrika yenyewe ilianza kabla ya Kenya, ingawa habari hii haitajwi sana. Kule Kiabukwa, Katanga, mwaka 1952 palikuwa na kinu kidogo cha kilowati mia mbili hivi kilichotumia maji ya chemchemi ya nyuzi 91, kwa ajili ya machimbo ya madini. Hakuna volkeno pale. Nakitaja kwa sababu tunapenda kufikiria jotoardhi kwa ukubwa wa Olkaria tu, na huku Tanzania tuna maeneo kama Kiejo-Mbaka kule Rungwe, ambako majimoto hupanda kwenye ufa mkubwa wa ardhi na huenda hayana haja ya moto wa volkeno. Visima vyembamba vya majaribio vilichorongwa huko mwaka 2021. Kisima chembamba ni cha bei nafuu na hukuambia joto, miamba na maji. Hakikuambii kwa uhakika kisima kikubwa kitatoa kiasi gani. Akija mtu kukutajia megawati kutokana na kisima chembamba, mwombe akuonyeshe hesabu.

Hata penye joto la kutisha mambo hayanyooki. Katika kaldera ya Menengai, juu ya mji wa Nakuru, uchorongaji ulianza mwaka 2011 chini ya Kampuni ya Maendeleo ya Jotoardhi, shirika la serikali ya Kenya lililoundwa ili hatari ya visima vya mwanzo ibebwe na umma. Baadhi ya visima, vilipofika kama kilomita mbili, vilianza kurudisha juu chenga za kioo cheusi. Wachorongaji walikuwa wamegonga mwamba ulioyeyuka. Maji ya kuchorongea yalikuwa yakiugandisha papo hapo na kuugeuza kioo. Kwa mwanasayansi hiyo ni zawadi ya ajabu. Jambo kama hilo liliwahi kutokea Krafla, Iceland, mwaka 2009. Kwa anayesubiri umeme ni kichwa kuuma, maana chuma hukwama, na kisima kilichokusudiwa kwenda kina zaidi hukomea hapo. Kinu cha kwanza cha Menengai, cha megawati 35, kilikuja kuanza kazi mwaka 2023. Miaka kumi na miwili, katika nchi yenye uzoefu mkubwa kuliko nchi nyingine yoyote barani.

Kuna jibu jingine la Olkaria ambalo halimo kwenye vitabu vya uhandisi. Eneo lile ni malisho ya Wamaasai, na sehemu yake kubwa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate. Mradi ulipopanuka, familia za Kimaasai zilihamishwa mwaka 2014 kwenda makazi mapya. Zikalalamika kwamba ahadi za ardhi, barabara na malisho hazikutimizwa kama zilivyosemwa, na kwamba ushirikishwaji ulikuwa na kasoro. Malalamiko yakafika kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia na kwenye Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Jopo likathibitisha kasoro kadhaa, na pande mbili zikaketishwa kwenye upatanishi. Mimi ni mtu wa miamba, si wa sheria, lakini naliweka hili katika utafutaji kwa makusudi. Wakati wa kuuliza ng'ombe watapita wapi na maji ya kijiji yatatoka wapi ni pale chupa za kwanza zinapojazwa. Mabomba yakishalala, kila mita ya kuyasogeza ina bei, na mwenye ng'ombe ndiye huambiwa asogee.

Kwa Ngozi suala hili ni zito zaidi kwa sababu ya msitu na maji. Mtambo wa kuchoronga hunywa maji mengi kwa muda wa wiki nyingi. Maji yanayotoka kisimani, kama kisima kitatoa, huja na boroni, aseniki kidogo na chumvi, pamoja na gesi yenye harufu ya mayai viza. Hayafai kumwagwa mtoni. Njia iliyozoeleka duniani ni kuyarudisha ardhini kwa kisima kingine, jambo linalosaidia pia kuzuia shinikizo la chini lisishuke. Kisima hicho cha kurudishia maji kiwemo kwenye mpango tangu siku ya kwanza. Mkikuta mpango usiokitaja, ukataeni, na msione haya kwamba hamkusomea.

Nirudi kwenye dai langu, maana najua linawaudhi baadhi ya wenzangu wa taaluma. Wanasema wananchi hawataelewa takwimu, watakata tamaa wakisikia kisima cha kwanza kimekosa, na wafadhili watakimbia. Mimi naona kinyume chake. Mkulima wa Mbeya anajua msimu mbaya ni nini na hauzi shamba kwa sababu ya msimu mmoja. Kinachomkatisha tamaa ni ukimya: magari meupe yanakuja, vijana wanapata vibarua vya miezi michache, mtambo unanguruma, kisha siku moja kimya, na hakuna aliyerudi kueleza. Kwenye ukimya huo ndipo uvumi hustawi kwamba kuna dhahabu ilichukuliwa usiku.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kisima kikimalizika, ofisi ya kata ibandike karatasi moja kwa Kiswahili: kina, joto la chini kabisa, kama maji yalitoka na kwa kiasi gani, na hatua inayofuata. Kama kisima ni kikavu, iandikwe kikavu. Chenga za mwamba zihifadhiwe mahali ambapo wanafunzi wa vyuo vyetu wanaweza kuzishika na kuzitazama, kwa sababu ndani yake mna madini ya kijani-manjano yaitwayo epidoti, ambayo huanza kuumbika joto likikaribia nyuzi 250, na kijana akishayaona kwa macho yake hahitaji kuambiwa na mgeni kama moto uliwahi kuwapo. Mikataba iseme wazi kwamba data za visima vilivyolipiwa na umma ni za umma baada ya muda maalumu, hata mwekezaji akiondoka.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona upande ule wa dirisha wamekaa wenzetu wa mradi, na nawashukuru kwa kuvumilia. Maswali ya visima yaelekezwe kwao kwanza. Ya silika na udongo mfinyanzi nileteeni mimi.